Ndoo ya Mama na Miche Sitini

Naomba radhi kwa mwandiko huu kabla hujaanza kuukasirikia. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo kalamu nimeishika kwa kuandika jina langu kwenye orodha za watu na namba za simu ukutani. Herufi zangu zinalala upande mmoja. Nikikosea tahajia sitajua kama nimekosea, kwa hiyo nisamehe tu na uendelee. Naandika polepole. Ukurasa huu wa kwanza umenichukua siku mbili, na sehemu kubwa ya siku hizo nilikaa tu nikiangalia daftari.

Kusema mbele za watu kunanishinda zaidi ya kuandika. Mtu akiniuliza kitu, jibu hunijia nikiwa nimeshafika nyumbani. Nalisema hilo mapema kwa sababu habari hii yote imesimama juu ya jibu moja nililolitoa vibaya.

Majina sitayaandika. Mama yangu hajui kusoma, na ndiyo maana nimepata ujasiri. Kama wewe unayesoma unamfahamu, tafadhali usimsomee.

Zamani tulikaa Katonga, kando ya ziwa, karibu na wanapoanika dagaa. Baba alikufa kwa kipindupindu nikiwa darasa la tano. Asubuhi alilalamika tumbo akacheka mwenyewe, akasema ni samaki wa jana. Jioni hakuweza kusimama. Kesho yake mchana mimi na mama tulikuwa nje ya hema la wagonjwa, na nesi mmoja akatoka kutueleza. Alikuwa na buti za plastiki zilizolowa dawa.

"Ni bakteria, mama," alisema. "Wako kwenye maji. Hawaonekani kwa macho."

Mama akamwuliza, "Wako wangapi?"

Nesi alitaka kucheka, halafu akaona uso wa mama, akaacha.

Tangu siku hiyo hakuna tone la maji lililopita mlangoni kwetu bila kutiwa dawa. Ndoo ikitua chini, mama anafungua chupa ya klorini, anapima kwa kifuniko, anamimina, anakoroga, ndipo anakusalimia. Ya kunywa, ya kupikia, ya kuoshea vyombo, mpaka ya kunawia miguu. Jirani yetu wa sasa, bibi mmoja Muha mwenye mdomo mkali, husema chura akiingia kwenye pipa letu anatoka mweupe kama karatasi. Mama hacheki. Anasema, "Acha atoke mweupe, lakini atoke mzima."

Ziwa lilipopanda lilichukua chumba chetu cha Katonga. Halikuja kwa kishindo. Maji yaliingia uani, yakafika kizingitini, siku moja tukaamka sufuria zinaelea. Mama akatuchukua, mimi na mdogo wangu wa kike, tukahamia kwenye shamba ambalo babu alimpa baba, nyuma ya Ujiji, kwenye mteremko. Ni eka moja. Baba alikuwa amejenga kijumba cha tofali mbichi huko kwa ajili ya kulala wakati wa kuvuna. Michikichi ya babu ilikuwa imezeeka, mirefu mpaka hakuna aliyekubali kuikwea, na mingi ilikuwa imeoza moyo na kuanguka.

Lazima nieleze jambo moja hapa kwa wasomaji wa mbali. Kwetu, ukipanda mihogo kwenye shamba la ukoo, watu wanakuona umeazimwa. Ukipanda mchikichi, watu huacha kuuliza shamba ni la nani, kwa sababu mchikichi utakuwepo hata mjukuu wako akizeeka. Michikichi ya babu ilipoanguka, ni kama jina la baba lilianguka nayo. Na mama hakuzaa mtoto wa kiume.

Baba mdogo, mdogo wake baba, ndiye msimamizi wa mali ya ukoo. Hakuja kutufukuza. Alikuja na kilo mbili za sukari, akakaa kwenye kiti chetu kimoja, akaongea kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha.

"Shemeji," alimwambia mama, "mimi binafsi sina neno. Lakini vijana wangu wameoa, hawana pa kujenga. Wananiuliza, baba, lile shamba la kule juu mbona limekaa tu? Nawajibu nini?"

"Wajibu kuna watoto wa kaka yako wanalala humo," mama akasema.

"Wanalala, ndiyo. Lakini shamba halilali, shemeji. Shamba linafanya kazi." Akanywa chai. "Tufanye hivi. Mvua za mwakani zikianza, nikikuta shamba limejaa michikichi, mimi mwenyewe nitasimama mbele ya ukoo niseme eka hii ni ya mke wa kaka yangu na mabinti zake. Basi, mjadala umekwisha. Nikikuta halijajaa, nitaligawa. Usinichukie."

"Sikuchukii," mama alisema. Alipoondoka, mama aliosha kile kikombe mara mbili kwa maji ya dawa.

Bahati ikawa upande wetu, au tulidhani hivyo. Mtaani kwetu ziligawiwa bure mbegu za michikichi ya kisasa, zile zinazoletwa zikiwa zimeshachipua, kila moja na kijino cheupe. Mimi nilikwenda kupokea kwa sababu mama alikuwa Katonga akianika dagaa za watu. Nilisimama foleni tangu asubuhi, nikapewa sitini. Ndizo zinazotosha eka moja. Nilizibeba kwenye ndoo yenye maranda yaliyoloweshwa kidogo, nikitembea polepole kama niliyebeba mayai.

Kitalu nilikitengeneza peke yangu. Nilijaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vyeusi vya plastiki vyenye matundu, nikavipanga mistari sita ya viriba kumi kumi, nikajenga kivuli kwa makuti ya michikichi ya babu. Mdogo wangu, aliyekuwa darasa la pili, alipewa kazi ya kufukuza kuku. Alijipa cheo cha ulinzi. Alitembea na fimbo akisema, "Simama hapo! Kitambulisho!" na kuku wakakimbia kweli.

Majani ya kwanza yalitoka yakiwa yamekunjwa kama bahasha. Mama alikuwa akirudi kutoka Katonga na harufu ya dagaa kwenye nguo, kabla ya kuingia ndani anapita kitaluni, anainama, anahesabu. Hakuniambia kitu chochote, ila siku moja aliniletea dagaa wakubwa akasema ni wa bwana shamba wake. Bwana shamba alikuwa mimi.

Mvua za katikati ya masika zilipokolea, kitalu kikawa hakikauki. Mche wa kwanza kuugua ulikuwa kwenye mstari wa tatu, wa pili kutoka kulia. Jani la chini liligeuka kahawia kuanzia ncha, halafu moyo wa mche ukalegea. Nilipouvuta ukatoka wote mkononi bila kushika, shina limeoza, na kwenye udongo palikuwa na nyuzi nyeupe, nyembamba kama za buibui. Siku tatu baadaye ikawa minne. Wiki iliyofuata nikaacha kumwambia mama idadi.

Bibi jirani alikuja akaangalia, mikono nyuma.

"Yewe! Huo ni ukungu," alisema. "Tia majivu."

Nilitia majivu. Ukungu ukapita chini yake.

"Basi umetia kidogo," alisema kesho yake.

Wale waliogawa mbegu walikuwa na mtaalamu wao, dada mmoja wa maabara, aliyekuwa akipita na pikipiki kwa waliopewa mbegu. Alikuwa kijana, kanizidi miaka michache tu, lakini aliongea na miche kwa ukaribu nisiowahi kuupata mimi kwa watu. Alipiga magoti kwenye matope na suruali yake safi. Alichukua mche mmoja mgonjwa na nyuzi zake akatia kwenye mfuko. Kisha akauliza, "Hapa karibu kuna mchikichi mzee ambao haujawahi kuugua?"

Nikanyoosha kidole kwa bibi jirani. Mchikichi wake umesimama peke yake katikati ya visiki vya mingine iliyooza, na unazaa.

Dada yule akaenda akachimba udongo kidogo kwenye mizizi. Bibi akatoka ndani.

"Sasa mnaniibia mpaka udongo?"

"Kijiko kimoja tu, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Kijiko leo, kesho mtakuja na lori."

Zilipita wiki mbili na zaidi, na mimi nikang'oa miche mingine. Dada aliporudi alikuwa na sahani ndogo za plastiki zenye vifuniko, zimefungwa kwa utepe pembeni. Ndani chini palikuwa na kitu kilichoganda kama ute wa yai. Alinipa moja niishike, akanionya nisifungue.

Katikati ya sahani alikuwa ameweka ukungu wa mche wangu, na ukungu ule ulikuwa umekua, mweupe, mnene kama pamba, umetambaa kuelekea pande zote. Lakini karibu na ukingo palikuwa na madoa manne ya rangi ya maziwa, na kuzunguka kila doa palikuwa na nafasi tupu. Ukungu ulitambaa ukakaribia, halafu ukasimama. Haukugusa. Ukingo wake uliotazama madoa ulikuwa umekunjamana na kuwa wa kahawia.

Niliangalia kitu kile muda mrefu mpaka dada akacheka. Kwa wiki nyingi nilikuwa nimeona ukungu ukienda unakotaka. Sikujua kuna mahali unaweza kusimama.

"Hayo madoa ni nini?" niliuliza. Kwangu mimi, kumwuliza mgeni swali ni kazi kubwa.

"Bakteria," alisema. "Wametoka kwenye udongo wa bibi. Hawana meno, hawana pa kukimbilia. Wanakaa tu walipo na kutoa kitu kama jasho, linasambaa pembeni yao. Ukungu ukiligusa unaharibika."

"Unaharibika vipi?"

Akafikiri. "Ukishika mawese mikono inateleza, si ndiyo? Unayatoa kwa nini?"

"Kwa sabuni."

"Sasa ngozi ya ukungu ina mafuta ndani yake. Na jasho la hawa bakteria linafanya kazi kama sabuni. Linaingia kwenye yale mafuta, linatoboa ngozi, na vilivyomo ndani vinavuja. Ukungu unakuwa kama mtungi uliopasuka."

Nililielewa hilo kuliko somo lolote nililofundishwa shuleni. Nilitamani sana kumwambia kwamba nimelielewa, lakini nilitikisa kichwa tu.

Mama alikuwa ametoka ndani, na neno moja tu lilikuwa limemfikia.

"Umesema bakteria?"

"Ndiyo, mama. Lakini hawa ni wazuri."

"Mwanangu," mama alisema, na sauti yake ilikuwa chini, "bakteria wamenizikia mume."

Dada aliweka sahani chini. Alieleza kwa heshima kwamba wako wa aina nyingi, kwamba wale wa baba ni wengine na hawa ni wengine, kwamba hawa wamekuwa kwenye udongo wa bibi siku zote na bibi anakula, anatukana, ana afya. Bibi alisikia kutoka kwake akaitikia, "Hilo la kutukana umelitoa wapi?" Hata mama akatabasamu kidogo. Kisha akauliza ukungu ukiachwa utafanya nini. Dada akaonyesha mistari yenye mapengo. Mama aliangalia mapengo yale, akasema, "Haya. Lakini wasiingie ndani ya nyumba."

Tukapewa chupa moja, maji yake meupe kama yaliyooshewa mchele, yananuka kama mihogo iliyolowekwa. Bakteria walikuwa humo, wazima. Dada aliniagiza nichanganye kikombe kwenye ndoo ya maji, nimwagie kila kiriba asubuhi kabla jua halijawa kali, kesho, baada ya wiki moja, na baada ya wiki nyingine. Nisichanganye na dawa ya ukungu ya dukani wala kitu kingine.

"Maji mnachota wapi?" aliuliza akiwa ameshavaa kofia ya pikipiki.

"Kijitoni," nikasema.

"Vizuri sana. Kama mngekuwa na bomba ningekuwa na maneno mengine."

Na ilikuwa kweli, tulichota kijitoni. Sikusema uongo siku hiyo.

Asubuhi ya kwanza nilichukua ndoo nikateka kwenye pipa la uani. Lilikuwa limejazwa jana yake, na kama kila kitu kwetu lilikuwa limetiwa dawa. Sikulifikiria hata kidogo. Kwangu maji yalikuwa na harufu ile tangu niko darasa la tano, na kama yangekosa harufu hiyo ndipo ningeshtuka. Nilipoinama kupima kikombe, mama alitoka na chupa ya klorini akaongeza vifuniko viwili kwenye ndoo yangu, akakoroga kwa mkono.

"Kwa ajili ya mdogo wako," alisema. "Anachezea udongo huu halafu anakula bila kunawa. Tuwe salama."

Nilisema asante. Naomba mwelewe kwamba nilisema asante kwa moyo wote. Niliona tumefanya jambo la usafi, na vitu vizuri viwili vikiwa kwenye ndoo moja haviwezi kugombana. Kisha nikawamwaga bakteria wangu humo, nikakoroga, nikapita mstari kwa mstari. Wiki ya pili hivyohivyo. Wiki ya tatu chupa ikaisha.

Kila asubuhi nilikwenda kutafuta ile nafasi tupu. Nilidhani nitaiona kwa macho, mduara kuzunguka kila mche, ukungu umesimama nje umekunjamana. Niliinama mpaka pua ikagusa udongo. Nilichokiona ni nyuzi nyeupe zikitoka kiriba kimoja na kuingia kingine kupitia matundu. Miche ilikufa thelathini, ikafika arobaini. Sikuwa na la kufanya ila kung'oa na kutupa mbali, na usiku kusikia mvua ikinyesha juu ya kitalu.

Dada wa maabara alirudi siku ambayo baba mdogo naye alikuwa amekuja kuangalia. Mama alikuwa Katonga. Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye kiti chetu, na dada akapiga magoti tena kwenye matope, na sikuwahi kuona mtu akihuzunikia vitu vya watu wengine namna ile. Begi lake lilikuwa wazi. Ndani niliona chupa nyingine, ileile, imejaa. Aliitoa akaiweka kando ya goti lake.

"Sielewi," alisema. "Kwenye sahani walifanya kazi vizuri sana. Ulimwagia mara tatu?"

"Ndiyo."

"Ulichanganya na dawa nyingine?"

"Hapana."

"Na maji? Yalikuwa ya kijitoni moja kwa moja? Maana yakiwa na klorini, hata kidogo, wanakufa wote hapohapo. Klorini haichagui bakteria mzuri na mbaya. Nilisahau kukusisitizia."

Hapo ndipo nilipoelewa. Sijui nieleze vipi. Niliona mkono wa mama ukikoroga ndani ya ndoo.

Mdogo wangu alikuwa amesimama na fimbo yake ya ulinzi. "Lakini mama alitia—"

"Nenda kamletee dada maji ya kunywa," nikamwambia.

"Yako hapo hapo."

"Nenda."

Baba mdogo alikuwa ananiangalia. Nilisikia maneno yake kana kwamba ameshayasema mbele ya ukoo: kwamba miche haikufa kwa ukungu, iliuawa na mwanamke mwenyewe kwa mkono wake, na je, mtu kama huyo apewe eka? Niliona pia mama akirudi jioni na kuambiwa kwamba dawa aliyoitia ili tusife kama baba ndiyo iliyochukua shamba la baba.

"Yalikuwa ya kijitoni," nikasema. "Moja kwa moja."

Dada aliniangalia. Nilikuwa naangalia vidole vya miguu yangu, lakini mimi huviangalia siku zote, kwa hiyo hakujua kitu.

"Sawa," alisema. Akatoa daftari. "Basi hawa hawafai kwa udongo wa mteremko huu. Huwa inatokea, sahani ni sahani na shamba ni shamba." Aliandika mstari mmoja, akapiga mstari chini yake. Halafu akachukua ile chupa ya pili akairudisha begini. "Nilikuletea hii, lakini nisikupotezee muda wako. Niwape wengine wenye udongo tofauti, ila kwa ukanda huu nitasema tusitumie tena."

Aliwasha pikipiki akaondoka. Nilisimama mpaka sauti yake ikaisha kwenye kona ya chini. Jibu sahihi lilinijia nikiwa nimesimama palepale, lote, na sentensi zake zimenyooka.

Simu yake nilikuwa nayo. Niliandika ujumbe mara nyingi nikaufuta. Nilipoupata uliokaa vizuri na kupiga moyo konde nikautuma, haukufika. Baadaye niliwauliza waliogawa mbegu, wakasema amehamishiwa mkoa mwingine, hawajui namba yake mpya.

Nilijaribu peke yangu. Nilikwenda kwa bibi jirani kuomba udongo.

"Nilisema mtakuja na lori," alisema, lakini alinichimbia mwenyewe kwa jembe lake, na hakuniuliza wa nini.

Nililoweka udongo ule kwenye maji ya mvua niliyoyakinga chini ya jani la mgomba mbali na nyumba, mbali na mkono wa mama. Nilimwagia miche iliyobaki. Ilibaki kumi na tisa wakati huo. Ikafa minane tena. Kumi na mmoja ikasimama. Sijui kama ni bakteria wa bibi walioisimamisha, au mvua zilikuwa zimepungua, au ilikuwa miche yenye nguvu tangu mwanzo. Sina sahani. Siwezi kuona wanachofanya huko chini. Mtu mwenye sahani alishaandika kwenye daftari kwamba hakuna kitu.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, baba mdogo alikuja kama alivyoahidi. Michikichi yangu kumi na mmoja ilikuwa tayari imepandwa shambani, mstari mmoja tu pembeni, karibu na ukuta wa nyumba. Alitembea eka yote akiwa ameshika mwavuli. Alirudi akasimama mbele ya mama.

"Shemeji, mstari huu ni wako na nyumba ni yako. Sitagusa. Huku kwingine vijana wataanza kuchimba msingi wiki ijayo."

"Ukungu ulitushinda, shemeji," mama alisema.

"Najua. Nilimsikia yule mtaalamu. Si kosa la mtu."

Mama alinigeukia. "Huyu mtoto alifanya kazi," alimwambia. "Usafi wote ulifanyika. Hata maji tuliyatia dawa."

Baba mdogo alitikisa kichwa kwa huruma na kufungua mwavuli wake. Kumbe siku ile dada alipouliza habari za maji, yeye hakuwa akizisikiliza.

Sasa msingi umeshachimbwa. Kila asubuhi mama anapita kwenye mstari wetu, anainama, anahesabu mpaka kumi na moja, na anaumwagia mchikichi wa mwisho maji aliyonawia uso, yenye klorini. Namwangalia nikiwa mlangoni. Sijamwambia aache. Nikimwambia aache atauliza kwa nini.

Ndiyo maana nimeandika. Kama dada yule atasoma, naomba achukue daftari lake akate ule mstari: bakteria wa bibi hawakushindwa na udongo wetu, tuliwaua kwenye ndoo, na mimi ndiye niliyedanganya. Wapo watu wengine kwenye mteremko huu wenye vitalu, na miche yao inakufa sasa hivi kwa neno langu. Nimejaribu kuwaambia wawili. Sauti haikutoka vizuri, na mmoja akaniambia mtaalamu ameshasema.

Na wewe mwingine unayesoma, kama unajua mambo haya, niandikie. Aliyekupa daftari hili anajua pa kunifikishia barua. Niambie kama udongo uliomwagiwa klorini unaweza kupata tena bakteria wake, na baada ya muda gani. Niambie pia, kama una mama, ungemwambiaje. Andika kwa herufi kubwa kidogo. Nasoma polepole, lakini nitamaliza.